Maji na Fungu: Msamiati wa Wingi wa Kiingereza katika Shakespeare na Milton

Msomaji anayefungua kamusi ya Kiingereza kutafuta visawe vya neno "plenty" hukutana na orodha ndefu: "abundance", "profusion", "affluence", "exuberance", "plethora", "galore" na mengineyo. Akitaka kuyaleta maneno hayo katika Kiswahili, aghalabu orodha nzima humwishia kwenye maneno mawili matatu, yaani wingi, tele na ujazi. Yamkini hili ndilo linalowafanya wanafunzi wetu, na baadhi ya walimu wao, waamini kwamba maneno hayo yanatofautiana kwa kiwango cha urasmi tu, na kwamba maana ni moja. Makala haya yanaipinga imani hiyo. Tunadai kwamba sehemu kubwa ya msamiati wa wingi katika Kiingereza imegawika, tangu asili yake, katika picha mbili zisizopatana: picha ya maji yanayofurika na picha ya fungu linalogawanywa. Mgawanyiko huu si mali ya wanaisimu peke yao. Baadhi ya kazi kuu za fasihi ya Kiingereza za karne ya 17 zimejengwa juu yake, na asiyeusikia hukosa hoja yenyewe ya kazi hizo.

Kabla hatujafika kwenye matini, hapana budi kujibu pingamizi ambalo mwanaisimu yeyote atalitoa. Asili ya neno si maana ya neno. Asemaye "msikiti" leo hafikirii kitendo cha kusujudu, ambacho ndicho kiini cha neno hilo katika Kiarabu. Kadhalika mtu wa London asemaye "abundance" haoni wimbi la bahari. Pingamizi hili ni la haki, na mhakiki anayelipuuza huishia kutunga ngano za maneno. Lakini haliwahusu wasemaji wote kwa kiwango kimoja. Waandishi tunaowajadili hapa walilelewa katika elimu ya Kilatini, elimu ya kukariri, kutafsiri na kuzigeuzageuza sentensi za lugha hiyo mchana kutwa. Kwao picha iliyomo ndani ya neno haikuwa imezikwa.

Ushahidi upo katika historia ya elimu hiyo yenyewe. Mnamo 1512 Desiderius Erasmus alichapisha mjini Paris kitabu chake cha De Copia, alichokitabaruku kwa John Colet kwa ajili ya shule ya Mtakatifu Paulo jijini London. "Copia" ni neno la Kilatini la wingi. Limeundwa kwa "ops", yaani mali au uwezo, ambalo pia ni jina la mungu wa kike wa mavuno wa Warumi. Likitumiwa katika umbo la wingi lilimaanisha jeshi pamoja na masurufu yake. Kutokana nalo Kiingereza kilipata "copious" na, kwa njia ya Kilatini cha enzi za kati, "copy". Kwa hiyo nakala ni mtoto wa wingi. Kitabu cha Erasmus kilimfunza mwanafunzi kuwa na wingi wa maneno na wingi wa mambo ya kusema, na kinafungua kwa kuifananisha lugha tajiri na mto wa dhahabu. Kisha mwandishi anaonya kwamba wengi wanaoutafuta mto huo huishia katika mafuriko ya maneno matupu. Katika zoezi lake mashuhuri anachukua sentensi moja ya kumshukuru mtu kwa barua yake, akaisema kwa namna zaidi ya 100. Kitabu hiki kilienea katika shule za Uingereza karne yote ya 16. John Milton alisoma katika shule hiyohiyo ya Mtakatifu Paulo karne moja na zaidi kidogo baada ya kitabu kutoka. Hivyo, tunapodai kwamba alisikia maji ndani ya maneno ya wingi, hatumpi masikio yasiyokuwa yake.

Tuyatazame basi maneno hayo. "Abundance" limetokana na "unda", wimbi, na kitenzi chake cha Kilatini kilimaanisha kufurika. Inachekesha kidogo kwamba katika enzi za kati waandishi wengi waliliandika kwa "h" mwanzoni, wakidhani kuwa limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuwa na kitu. Walikosea asili, lakini walifichua jinsi tajiri apendavyo kuelewa wingi. Wimbi hilohilo limo katika "redundant". "Superfluous" ni kile kinachotiririka juu ya ukingo. "Affluence" ni mtiririko wa kuelekea mahali fulani, na hadi leo katika jiografia kijito kinachoingia mto mkubwa huweza kuitwa "affluent". "Profusion" ni kumwaga. "Foison", neno ambalo limekwisha kufa katika Kiingereza sanifu, lilikuja kwa njia ya Kifaransa kutoka neno la Kilatini la kumimina. "Lavish" limetokana na neno la Kifaransa cha kale la mvua kubwa. Penye upungufu wa maji pana maziwa: "exuberance" limebeba ndani yake "uber", yaani kiwele. Na ile pembe ya neema iitwayo "cornucopia" ni pembe ya mbuzi Amalthea, ambaye katika visasili vya Kigiriki alimnyonyesha Zeus.

Maneno haya yaliingia Kiingereza baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, mengi kwa kinywa cha Kifaransa, mengine moja kwa moja kutoka vitabu vya Kilatini. Yalikuja kwa njia ya mabwana, kanisa na wasomi. Yote yanauchora wingi kama kitu kinachokuja chenyewe. Mto haumwulizi mtu nani alime, wala nani apewe kwanza. Kiwele hakina daftari. Katika picha hii hakuna mgawaji, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa.

"Plenty" lenyewe linasimama mlangoni. Asili yake ni "plenus" ya Kilatini, iliyojaa. Hii ni picha ya chombo kilichofika ukingoni ila hakijamwagika, na chombo kina mwenyewe.

Sasa tugeukie maneno ya wakulima wenyewe, yaliyokuwapo kabla ya 1066. Hatudai kwamba yote yana picha moja. "Many" na "much" ni maneno ya idadi na ukubwa tu, na "heap" ni lundo. Hata hivyo, mawili kati ya yale yanayotumika sana leo ni maneno ya mgao. Anayesema "a great deal" anasema "sehemu kubwa", kwa kuwa "deal" ya Kiingereza cha kale ni sehemu, na kitenzi chake ni kugawa, kama afanyavyo mgawaji wa karata hadi leo. Anayesema "a lot" anataja kitu kilichotumika kupigia kura, kisha fungu lililomwangukia mtu kwa kura hiyo, kisha kipande cha ardhi, na baadaye sana, katika karne ya 19, wingi wowote ule. "Share" nalo linatokana na kukata. Hapa wingi umepita mikononi mwa mtu. Kuna aliyekata, kuna aliyepewa na, bila shaka, kuna aliyenyimwa.

Neno "galore" linastahili kutajwa kwa upekee wake. Kiingereza kililipata katika karne ya 17 kutoka Kiayalandi, ambamo "go leor" ni "kiasi cha kutosha", na Waayalandi hulitumia kwa maana zote mbili, kutosha na kuwa tele. Kiingereza kililichukua pamoja na sarufi yake, hivyo hufuata nomino badala ya kuitangulia, kama vile Mswahili asemavyo "maziwa tele". Lililobaki nyuma ni ile maana ya kutosha. Mtu akisema "galore" kwa Kiingereza leo hasemi kwamba kinatosha, anasema kwamba kimepita. Nadhani safari hii kutoka kutosha hadi kupita ndiyo inayowashughulisha waandishi wawili tunaowaendea sasa.

Shakespeare aliishi katika miaka ya njaa. Mavuno ya Uingereza yaliharibika mfululizo kati ya 1594 na 1597, na mwanzoni mwa 1598 maofisa wa Stratford walipoorodhesha nafaka zilizowekwa majumbani, mshairi wetu alipatikana na kota 10 za kimea, yaani busheli 80. Hatumtaji kwa kumhukumu, maana majirani wake wengi walikuwa na akiba ya namna hiyo. Tunachosema ni kwamba swali la nani ana zaidi na nani hana halikuwa la vitabuni. Mwaka 1607 wakulima wa kaunti za katikati ya Uingereza waliasi dhidi ya mabwana waliozungushia ua mashamba. Coriolanus, tamthilia inayokadiriwa kuwa ya 1608 hivi, inafunguliwa na wananchi wenye njaa wanaowalalamikia wakuu kwa ziada yao.

King Lear, iliyoigizwa mbele ya mfalme tarehe 26 Desemba 1606, inaanza kwa mgao. Mfalme ameigawa nchi katika mafungu matatu, naye anamwuliza Cordelia atasema nini ili apate theluthi iliyo "opulent" zaidi ya za dada zake. Neno hilo ni la ukoo wa "ops", mungu wa mavuno. Fungu na neema vimewekwa katika sentensi moja, na mgawaji anavigawa kwa bei ya maneno matamu. Cordelia hana "copia". Jibu lake la kwanza ni kwamba hana la kusema. Msomi wa zama zile aliyemsoma Erasmus angesikia kinaya hiki bila kuonyeshwa, kwa sababu dada zake wawili ni wanafunzi hodari wa zoezi la barua.

Hotuba mbili zinazofuata baadaye huchukuliwa na wahakiki wengi kuwa ni wazo moja lililorudiwa. Ya kwanza ni ya Lear katika tufani, katika onyesho la nne la sehemu ya tatu, anapowakumbuka maskini wasio na paa na kuwataka wenye fahari wawapukutishie "superflux" yao. Neno hili huhesabiwa kuwa la kubuniwa na Shakespeare mwenyewe. Ya pili ni ya Gloucester, aliyekwisha kutobolewa macho, anapompa mkoba wa fedha kichaa asiyemjua kuwa ni mwanawe Edgar. Mwenzangu mmoja amewahi kuniambia kwamba Gloucester anamtafsiri Lear tu kwa lugha nyepesi. Kwa maoni yangu sivyo hata kidogo. Lear, hata akiwa amelowa mvua kichwani, bado anafikiri kifalme. Wingi kwake ni mto uliofika ukingoni, na maskini atapata kile kinachomwagika. Ukingo wenyewe haujaguswa. Gloucester amebadilisha picha. Anaziomba mbingu ziendelee kutenda hivyo, na kitenzi chake ni "deal", kile cha kutenda na cha kugawa. Mkosaji wake ni mtu aliye "superfluous": ziada si tena mali inayomwagika kutoka kwa mtu, ziada ni mtu mwenyewe. Dawa yake ni "distribution", neno la Kilatini, naam, lakini la ukoo wa kugawa makabila kwa makabila. Na hotuba inatua juu ya neno la kale kabisa la Kiingereza, "enough". Mfalme aliyeligawa taifa vibaya anaishia kwenye mafuriko. Kipofu ndiye anayeona mgao.

The Tempest, ya mwaka 1611 hivi, inaturejesha majini. Mzee Gonzalo anaota kisiwa ambacho asili itatoa "foison" na "abundance" za aina zote bila jasho, bila mikataba, bila mipaka ya mashamba. Ndoto hiyo imetoka kwa Montaigne, aliyetafsiriwa kwa Kiingereza na John Florio mwaka 1603. Ni busara ya Shakespeare kwamba maneno yote mawili aliyompa mzee huyu ni ya kumiminika: katika mafuriko hakuna haja ya mgawaji. Lakini katika kisiwa hichohicho Caliban anabeba kuni. Baadaye, katika sehemu ya nne, mungu wa nafaka Ceres anawabariki maharusi kwa "foison" ileile. Na mara Prospero anaikatiza sherehe kwa kuwa amekumbuka kwamba Caliban anakuja kumwua. Neema isiyo na mgawaji inakatizwa na mtumishi asiyegawiwa kitu.

Milton ndiye aliyezipambanisha picha hizi mbili uso kwa uso. Igizo lake la kasri, ambalo sasa tunaliita Comus, lilionyeshwa katika ngome ya Ludlow tarehe 29 Septemba 1634, mbele ya Lodi Bridgewater, Mkuu wa Baraza la Wales. Binti yake Alice, mwenye umri wa miaka 15, alicheza nafasi ya Bibi. Tarehe hii ni sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, siku ambayo mavuno yamekwisha kuingia na wapangaji hulipa kodi za ardhi. Miaka minne tu kabla, mavuno ya 1630 yalikuwa mabaya, na Januari 1631 serikali ya Mfalme Charles wa Kwanza iliwapa mahakimu wa wilaya kitabu cha amri kuhusu maskini na nafaka. Hadhira ya Ludlow ilikuwa ya watu waliopaswa kuzitekeleza amri hizo.

Bibi amepotea mwituni. Mchawi Comus, mwana wa Bacchus na Circe, amemfungia katika kiti cha uchawi mbele ya meza iliyoandaliwa vyakula vya kila aina, naye anamshawishi anywe. Hoja ya Comus ni hoja ya maji kutoka mwanzo hadi mwisho. Asili, asema, imemimina vitu vyake kwa mkono uliojaa usiorudishwa nyuma. Ardhi, anga na bahari vimesongamana uzao. Na binadamu wakijizuia, Asili itakabwa na uzazi wake mwenyewe na bahari itavimba. Tuseme kweli, ni hotuba tamu, na lugha yake yenyewe inafanya inachokisema: sentensi moja inaimwagikia nyingine, mifano inafuatana bila kituo. Huyu ni mwanafunzi bora wa De Copia, yule ambaye Erasmus alimwonya.

Baadhi ya wasomaji wameona kwamba Bibi anashindwa kwa ushairi ingawa anashinda kwa maadili. Hukumu hiyo inamtaka Bibi ashindane katika mto, ilhali ushindi wake ni kukataa kuuingia. Jibu lake ni fupi na limepimwa. Anasema kwamba kama kila mtu mwenye haki anayedhoofika kwa ukata angepata "share" yenye kiasi ya kile ambacho anasa inawalundikia wachache, baraka za Asili zingegawanywa kwa uwiano usio na ziada. Tazama zana zake. "Share", neno la kukata. Kitenzi cha kulundika, neno la Kisaksoni la shambani: mali haikumiminika kwa wachache, imelundikwa, yaani kuna mikono iliyolundika. Kisha kitenzi cha Kilatini cha kugawa, ambacho kiini chake ni mizani. Na mwisho "unsuperfluous", neno zito linalokwaza ulimi. Bibi amelichukua neno la adui, lenye mto ndani yake, akalitia kikanushi cha Kisaksoni mbele kama mtu anayejenga kingo. Neno haliimbiki, wala halikukusudiwa kuimbika. Katika kinywa cha msichana wa miaka 15, binti wa Lodi aliyeketi mbele, siku ya kupokea kodi, neno hilo halikuwa jepesi kulisikiliza.

Historia ya baadaye ya msamiati huu naipitia kwa haraka, kwa kuwa inahitaji makala yake. "Plethora" lilikuwa neno la matabibu waliofuata mafundisho ya Kigiriki: ugonjwa wa damu kuzidi mwilini, ambao tiba yake ilikuwa kumtoa mgonjwa damu. Leo magazeti hulitumia kwa maana ya "nyingi" tu, na mgonjwa amesahauliwa. "Glut", lenye asili ya kumeza, lilihamia sokoni; mwaka 1820 Thomas Malthus alilifanya kuwa dhana ya uchumi alipodai, kinyume na Ricardo na Say, kwamba bidhaa zote kwa jumla zinaweza kuzidi wanunuzi. Mwaka 1958 John Kenneth Galbraith alipokiita kitabu chake The Affluent Society, alirudisha mtiririko katika mjadala, na akauliza kwa nini unaelekea kwenye mifuko ya watu binafsi huku shule na huduma za umma zikikauka.

Linabaki swali la mtafsiri, ambalo katika idara zetu si la nadharia tupu. Shakespeare yupo katika Kiswahili tangu miaka ya 1960: Mwalimu Nyerere alitupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, naye S. S. Mushi alitupa Makbeth na Tufani. Atakayeyashughulikia King Lear au Comus kwa mtazamo tuliouonyesha hatapungukiwa na maneno. Upande wa maji tuna kufurika, kububujika, kumiminika. Upande wa mgao tuna fungu, sehemu, kura na, zaidi ya yote, riziki, neno ambalo limetoka kwa Mungu kama mvua lakini limepimwa kwa kila mja. "Tele" na "wingi" ni maneno mema, ila hayana upande, na mtafsiri anayeyakimbilia atamfanya Comus na Bibi waseme lugha moja. Kwa "maridhawa", lenye kutosha na kuridhisha ndani yake, ningelihifadhia kinywa cha Gloucester.

"Unsuperfluous" ndilo gumu. Nimesikia likipendekezwa "pasi na masazo", na pendekezo hilo lina nguvu zake, kwa kuwa Bibi ameketi mezani na masazo ni ya meza. Lakini masazo hutokea baada ya watu kula, na Bibi anazungumza juu ya watu ambao hawajala. Ningechagua "kisichofurika", neno refu lenye kikanushi katikati, ambalo msomaji atalikwaa kama lile la Milton linavyomkwaza msomaji wa Kiingereza. Kwa "superflux" ya Lear, hata hivyo, ningekubali hasara. Mtu aliyesimama katika mvua ile, akiwaomba matajiri wawamwagie maskini mafuriko yao, anasema jambo ambalo Kiswahili hakiwezi kulisema bila kuonekana kwamba kinamcheka.